JIKONI KWETU: Nyama ya Kukausha na Sahani ya Mgeni

   Shule imefunga, chaki tumeweka chini, sasa tuongee chakula.

Disemba imefika. Mvua imekatika, vumbi la njia ya Koboko limeanza kupanda, na mialiko inatembea mtaa kwa mtaa. Huyu anapokea mahari ya binti, yule anabatiza mtoto, mwingine anamaliza matanga, na kuna wale ambao ndugu zao wanavuka mpaka kuja kuwaona baada ya miaka mingi. Mwezi huu wazazi wametuuliza sana swali moja: "Mwalimu, mgeni akija, tumpe nini?" Nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo watu hawalisemi kwa sauti: tumpe nini, na sisi wenyewe hatuna?

Tusifichane. Aprili 2020 mgao ulikatwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukakatwa tena, tukabaki na asilimia 60 ya ule wa kwanza. Mwaka 2025 shirika la WFP likaondoa watu karibu milioni 1 kwenye orodha ya chakula katika Uganda nzima. Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu ziko ndani ya hesabu hiyo. Lakini mgeni haulizi mgao umekatwa lini. Anapiga hodi. Na sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo wengine wanakopa. Wengine wanauza gunia lote la mahindi ili wanunue mbuzi wa siku moja, halafu Januari yote watoto wanalala na uji bila sukari. Hatuandiki hapa kumcheka mtu. Tunajua aibu ya kumkalisha mgeni kwenye mkeka na kumpa maji tu. Tunataka kuonyesha njia moja ambayo bibi zetu waliijua kabla kambi haijakuwepo, nayo ni kuweka nyama kidogo kidogo, mapema, ili siku ya mgeni ikufikie ukiwa tayari.

CHAKULA CHA SHEREHE, KILA MTU NA CHAKE

Sisi hapa tumetoka pande nyingi, na ukienda kwenye sherehe tano utakula vyakula vitano. Hilo ni jambo la kufurahia.

Wenyeji wetu Walugbara wanatandika enyasa, ule ugali mzito wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, pamoja na majani ya kunde. Wakiwa na karamu utaona angara, samaki wa Ziwa Albert aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, anayeletwa kutoka Panyimur mpaka soko la Arua. Anapikwa na karanga za kusaga au simsim, na harufu yake inawaita hata wale ambao hawakualikwa.

Ndugu zetu wa Sudan Kusini wako na kisra, mkate mwembamba wa mtama, na asida. Pembeni wanaweka mchuzi wa sharmut, ambayo ni nyama iliyokatwa vipande virefu, ikaanikwa mpaka ikakauka kama kamba. Wanaitwanga, wanaipika na kitunguu na weika, yaani bamia kavu ya unga. Mama anaivuruga kwa kile kijiti chake kinachoitwa mufraka mpaka mchuzi unavutika.

Sisi Wakongomani bila sombe hatujasema karamu. Sombe iliyopikwa muda mrefu na mawese, samaki mkavu ndani yake, ugali wa muhogo pembeni, na makayabu kama mfuko unaruhusu. Vijana nao siku hizi wanataka chapati, pilau, kachumbari na soda. Wapeni kama ziko.

Halafu kuna kumbikumbi, ambao Walugbara wanawaita onya. Hao Mungu anawaleta bure mvua zikinyesha. Mama aliyewakusanya, akawakaanga bila mafuta, akatia chumvi kidogo na kuwaanika vizuri, leo ana kitu cha kuweka kwenye sahani wageni wakisubiri chakula. Mgeni anatafuna, mazungumzo yanaenda, na jikoni hakuna haraka.

Mkiangalia vizuri, karibu vyote hivi vina kitu kilichokaushwa ndani yake: angara, sharmut, makayabu, weika, kumbikumbi. Mababu zetu hawakuwa na friji, sisi pia hatuna.

MAMA WA NUSU KILO

Kuna mama mmoja wa mtaa wetu ambaye wakwe walimtumia ujumbe mwezi wa tisa kwamba watakuja mwezi wa kumi na moja. Wakwe ni watu wa kuogopa, mnajua wenyewe. Hakuwa na pesa ya mbuzi. Alichofanya ni hiki: kila siku ya soko alinunua nusu kilo ya nyama isiyo na mafuta. Siku hiyohiyo akaikata, akaitia chumvi, akaianika. Watoto walilalamika. Aliwapa supu ya mifupa akawaambia, "Hii nyama ina wenyewe."

Masoko 8 yakapita. Nusu kilo mara 8 ni kilo 4. Nyama mbichi isiyo na mafuta, karibu robo tatu yake ni maji tu, kwa hiyo kilo 4 zikikauka vizuri zinabaki kama kilo 1. Ukitwanga hiyo kilo moja, ukaipika na karanga na bamia kavu, mchuzi wake unashibisha watu wengi kuliko kilo 4 za kuchoma, maana ya kuchoma kila mtu anataka kipande chake na anakihesabu kwa macho.

Wakwe walikuja 17 badala ya 10. Wakala, wakabakisha. Mzee wao mmoja akauliza, "Mama, umechinja ng'ombe mzima?" Yule mama akanyamaza akaongeza mchuzi.

NAMNA YA KUKAUSHA

Sasa tuandike hatua. Watoto, chukueni daftari.

1. Nunua nyama asubuhi, kwenye bucha ambayo nyama yake imepimwa na kupigwa mhuri. Ianze kazi siku hiyohiyo. Nyama iliyolala haifai kukaushwa.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kisu na ubao. Toa mafuta yote na mishipa, maana mafuta hayakauki, yanachacha na kuharibu kipande kizima. Mafuta kayayushe upikie.

3. Kata vipande virefu kufuata nyuzi za nyama, unene usizidi kidole kimoja. Kipande kinene kinakauka nje na kuoza ndani.

4. Kwa kila kilo ya nyama tia vijiko viwili vya mezani vya chumvi. Sugua kila upande, acha kwenye sufuria yenye kifuniko saa chache, halafu mwaga maji yaliyotoka. Chumvi kazi yake ni kuvuta maji. Vijidudu vinavyoozesha nyama vinahitaji maji kama sisi, vikikosa haviongezeki. Ukipenda ongeza pilipili au kitunguu saumu.

5. Tundika kwenye kamba safi au waya usio na kutu, juu, mahali penye jua na upepo. Vipande visigusane. Ikifika jioni ingiza ndani, umande usiinyeshee.

6. Funika na kitambaa chepesi na safi, kama leso kuukuu, nzi wasitage mayai. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri: msitumie chandarua cha mbu. Vile vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haifai kugusa chakula. Chandarua kikae kitandani juu ya mtoto.

7. Siku 2 mpaka 4 za jua kali zinatosha. Ili kujua kama imekauka, ikunje. Ikipasuka na ndani hakuna unyevu, iko tayari. Ikilegea kama mpira, irudishe juani.

Kama mawingu yanakuja, tumia moshi. Tengeneza chanja ya miti juu ya moto wa jikoni, mbali kidogo, ili nyama ipate moshi na joto dogo bila kuungua. Moshi unafukuza nzi na unaongeza ladha. Usichome mbao zenye rangi wala plastiki chini yake, sumu inapanda kwenye nyama.

Kuweka: chungu au kopo lenye kifuniko, mahali pakavu, juu ya sakafu. Kaveera haifai, inafungia jasho ndani na ukungu unaota. Fungua uangalie kila wiki. Ukiona ukungu au ukisikia harufu mbaya, tupa yote hata kama roho inauma.

Kupika: loweka usiku kucha, mwaga maji ya kwanza ili chumvi ipungue, halafu pika. Nyama iliyolowekwa au kutwangwa inaiva haraka, na kuni tunazijua habari yake. Ugomvi mwingi kati yetu na wenye mashamba unaanzia kwenye kuni. Wazee wenye presha wapewe kidogo, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe nyama ya chumvi.

NYAMA YA RAHISI INAWEZA KUUA

Hapa ndipo tunapoomba kila mzazi asome mara mbili.

Wakati wa sherehe wanatokea watu na nyama ya bei ya chini sana. Wanakuja jioni, nyama iko kwenye gunia, hawataki maswali. Mara nyingine ni nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Na mara nyingine jirani anakuita: "Njoo, ng'ombe wa fulani ameanguka ghafla, tugawane kabla hajaoza." Mtu mwenye njaa anakwenda na kisu.

Ndugu, huo unaweza kuwa ugonjwa wa kimeta. Hii si hadithi ya mbali. Kati ya Januari 2015 na Agosti 2017 watu wa wilaya ya Arua walipata vidonda vya kimeta. Wachunguzi wa afya walipofuatilia, waligundua kwamba vidonda vilihusiana na kushika mizoga ya wanyama waliokufa ghafla bila sababu kujulikana. Mkono uliochuna ngozi na bega lililobeba nyama ndiko ugonjwa unakopitia.

Kimeta kina mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho. Mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Chumvi haiziui. Jua haliziui. Moshi hauziui. Kuchemsha kwetu kwa kawaida pia si kinga ya kuaminika. Kwa hiyo msidanganyike kwamba "tutaikausha, itakuwa salama". Kukausha kunaifanya nyama nzima idumu, hakuifanyi nyama ya ugonjwa kuwa nzima.

Dalili za mnyama: amekufa ghafla, pengine damu nyeusi inatoka puani, mdomoni au nyuma, na haigandi. Usimguse. Usimchune, usimpasue, ngozi yake usiiuze. Zuia watoto na mbwa. Mwite afisa wa mifugo au mwambie mwenyekiti wa mtaa, ili mzoga uchomwe au ufukiwe chini sana.

Dalili za mtu: kiuvimbe kinachowasha, halafu kidonda chenye katikati nyeusi ambacho mara nyingi hakiumi. Watu wanakidharau kwa sababu hakiumi. Nenda kituo cha afya haraka, siku hiyohiyo, na useme wazi kwamba ulishika mnyama aliyekufa. Kuna dawa, na mtu anapona akiwahi. Kuna mama aliwahi kutuambia, "Mwalimu, nikisema nilikula mzoga watanicheka." Tulimjibu, "Mama, wacha wacheke, wewe upone."

SAHANI MOJA, WATU WENGI

Katika mtaa mmoja wa Rhino Camp, Imvepi au Lobule utakuta Mwislamu, Mkatoliki, Msabato na Mlokole wanachota maji bomba moja. Ukialika wote, fikiria wote. Mnyama achinjwe na Mwislamu, ndiyo desturi ya huku, na hivyo hakuna atakayeacha sahani. Nguruwe akipikwa, sufuria yake na mwiko wake viwe mbali, na mseme wazi ni nyama gani. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambale wasimchanganye na angara. Mgeni aliyelishwa kitu kilichokatazwa kwao anaondoka na donge moyoni, hata kama chakula kilikuwa kitamu.

Na wenyeji msiwasahau. Wazee wa hapa wanajua maisha yetu kuliko tunavyodhani. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, na jeshi lilipoingia kulipiza kisasi mwaka 1980, watu wa West Nile walikimbia kwa maelfu. Walivuka kwenda Zaire na Sudan, wakalala kwenye nyumba za babu zetu, wakala muhogo wa mashamba yetu, na wengi wakarudi katikati ya miaka ya 1980. Pale Salia Musala, Koboko, ambapo nchi tatu zinakutana, Mkakwa wa Uganda, wa Kongo na wa Sudan Kusini wanasalimiana kwa lugha moja. Kwa hiyo ukituma sahani ya mchuzi kwa mzee mwenye shamba, hujampa sadaka. Ni zamu tu, jana kwetu, leo kwao. Na siku mtoto wako akiingia shambani kwake kuokota kijiti, mzee huyo atamwita kwa jina kabla ya kuchukua fimbo.

USIKULE JANUARI YA WATOTO

Tumalize na hesabu ya nyumba. Kabla ya kupokea wageni, baba na mama wakae pamoja, watenge kwanza chakula cha watoto mpaka mwezi mwingine. Hicho kisiguswe. Kinachobaki ndicho cha mgeni, hata kama ni kidogo. Akija mgeni wa kulala siku nyingi, mnajua wenyewe: siku mbili mgeni, ya tatu mpe jembe. Ndugu wa kweli atalichukua bila kununa.

Kama mko kwenye likelemba au kikundi cha akiba, ongeeni sasa. Familia tano zinaweza kununua mbuzi mmoja kwa pamoja, mzima, aliyepimwa, wakagawana na kila mmoja akakausha fungu lake. Baba, kazi ya kukata na kutundika si ya mama peke yake. Tumewaona wanaume wa hapa wanakausha nyama vizuri sana wakiwa safarini, kwa nini nyumbani mikono inauma?

Na kama huna hata nusu kilo, usifunge mlango. Karanga za kukaanga, viazi vitamu vya kuchemsha, kumbikumbi kwenye kisahani na chai ya mchaichai ni chakula cha mgeni. Tumekaa kwenye nyumba za namna hiyo tukacheka mpaka saa tatu usiku.

KAZI YA WATOTO WAKATI WA LIKIZO

1. Muulize bibi au babu: kwenu mlikausha nini, na mliweka wapi? Andika sentensi tano kwa lugha ya nyumbani, halafu tano kwa Kiswahili.

2. Hesabu: kikundi kina kilo 12 za nyama mbichi. Ikikauka inabaki robo. Familia 6 zinagawana sawa. Kila familia inapata gramu ngapi?

3. Chora mnyama aliyekufa njiani, na mtoto ambaye hamgusi na anakimbia kumwita mtu mzima. Picha tutazibandika darasani.

Majibu mtuletee shule ikifunguliwa. Akina mama wenye namna nyingine ya kukausha, hasa wale wa samaki wa mto, njooni mtuambie, tutaandika mwezi ujao. Tunawatakia sherehe njema, matumbo salama, na wageni wenye habari nzuri kutoka nyumbani.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.